Gari Ambalo Halijaguswa

Mwezi uliopita Fundi Kilonzo alizikwa kwao Ukambani. Mimi sikusafiri. Nilihudhuria ibada ya hapa Nairobi, katika ukumbi wa kanisa kule Woodley, na baada ya ibada tulikaa kwenye viti vya plastiki tukala pilau, sisi tuliowahi kufanya kazi katika gereji yake nyuma ya Barabara ya Ngong. Ndipo Gatimu aliposimama na sahani yake mkononi. Gatimu alikuwa dalali wa magari, na sasa ana nyumba za kupangisha na tumbo linaloonyesha kwamba wapangaji hawachelewi. Akasema, "Wacheni niwaambie vile huyu Sharon alitaka kutuharibia soko," akaninyooshea kijiko. Akasimulia habari ya lile gari jekundu, na kila alipofika mahali pa kuchekesha watu walicheka, hata wale ambao mwaka huo walikuwa hawajazaliwa. "Msichana amesema ukweli wote, kutoka bampa hadi bampa," akamalizia, "na mteja bado akalipa bei ya juu." Hata mjane wa Fundi alicheka, masikini, mpaka akafuta macho kwa leso. Mimi siitwi Sharon. Naitwa Mwende. Sikucheka, niliiweka sahani chini ya kiti, na hasira niliyodhani imekufa zamani iliamka ikiwa nzima, haina hata kovu. Kwa hiyo nimeamua kuiandika habari hii mwenyewe. Shule yangu iliishia darasa la nane na kalamu yangu inakwenda polepole, lakini hata kunyoosha bodi ya gari ni kazi ya polepole.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa miaka ishirini, mwenye haya kiasi kwamba nikitumwa dukani nilisubiri wote wahudumiwe kwanza ndipo niseme ninachotaka. Gereji ilikuwa ua la mabati lenye mti wa mpera katikati, kontena kuukuu tulilolitumia kama ofisi, na nguzo ya chuma iliyozikwa ndani ya zege. Gari lililopinda lilifungwa mnyororo kwenye nguzo ile na kuvutwa mpaka likumbuke umbo lake. Nilianza kwa kuosha magari yaliyokwisha kutengenezwa. Kisha Fundi akanipa msasa na ndoo ya maji, nikawa wa kusugua. Wanaume wa pale walipenda kupiga rangi kwa sababu rangi inaonekana. Kazi ya kusugua hakuna aliyeitaka. Mimi niliipenda. Fundi aliniona, akaja akachuchumaa karibu nami, akaniambia nifumbe macho na kupitisha kiganja juu ya mlango niliokuwa nausugua. "Macho ni ya mteja," alisema. "Wewe tumia mkono. Mahali palipo na bonde mkono utakwambia." Na kweli mkono uliniambia. Baada ya miezi michache ningeweza kujua bila kuangalia mahali ambapo bati lilikuwa limegongwa na kurudishwa, kama unavyojua mtu aliyelia hata kama amenawa uso. Sikuwa na maneno ya kusema haya mbele ya watu. Lakini Fundi alijua kwamba najua, na kwa msichana kama mimi hilo lilikuwa chakula cha kutosha.

Gari jekundu lililetwa mgongoni mwa lori kutoka Muthangari. Lilikuwa gari la mbio la milango miwili, chini kama ulimi, na kijana wa wenyewe alikuwa amelibamiza kwenye nguzo ya mawe ya lango la kwao. Kijana alitoka mzima. Gari lilivunjika ubavu wa kushoto kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Wenyewe hawakulitaka tena, kwa hiyo Gatimu akatoa pesa ya kulinunua na Fundi akatoa kazi, wakakubaliana kugawana likishauzwa. Jioni ile Fundi aliniita kando, akaonyesha kibao cha langoni kilichoandikwa KILONZO BODI NA RANGI. "Ubavu huu ni wako," aliniambia. "Utaunyoosha wewe, utausugua wewe, utaupiga rangi wewe. Gari hii ikitoka vizuri nitakununulia bunduki yako ya kupulizia rangi, na pale langoni nitaongeza jina lako. Kilonzo na Mwende. Watu wasome." Sijui kama mtu mwingine anaweza kuelewa nilivyojisikia. Hakuna mahali popote duniani ambapo jina langu lilikuwa limeandikwa ila kwenye daftari za shule na ndani ya Biblia ya mama yangu.

Tulifanya kazi ile miezi mingi, katikati ya magari mengine yaliyoleta pesa ya chakula. Tulilivuta kwa mnyororo, kisha tukapima kwa uzi chini ya tumbo lake, kutoka pembe hii ya mbele mpaka pembe ile ya nyuma, na tena kwa kupishanisha, mpaka nyuzi zote mbili zikalingana. Mlango ulipatikana kwa wauza vyuma chakavu, ulikuwa mweupe. Ubavu wa nyuma haukupatikana, kwa hiyo mimi na Fundi tuliugonga kutoka ndani, mimi na nyundo, yeye akikinga kwa nje na kipande cha mti, polepole, siku nzima bila kuzungumza. Mafundi wavivu hujaza bonde kwa pati, wakapaka rangi juu, na gari likipita kwenye matuta mwaka mmoja pati inapasuka. Pati yetu ilikuwa nyembamba kama ukucha. Kisha rangi. Nyekundu ndiyo rangi ngumu kuliko zote, kwa sababu jua huila, na nyekundu iliyokaa nje miaka kadhaa si nyekundu ya dukani. Nilichanganya tone kwa tone, nikapaka kwenye kifuniko cha mkebe, nikakipeleka juani mchana nikakilaza kando ya boneti, nikarudi nikachanganya tena. Siku kifuniko kilipopotea juu ya boneti, nisione kinapoanzia, nilikaa chini ya mpera nikala muthokoi wangu uliopoa na sikuwahi kula chakula kitamu hivyo.

Bei ilipangwa ndani ya kontena, wakati wa chakula cha mchana. Mimi nilikuwa mlangoni na sahani yangu ya maharagwe magotini. Siku zile, na hata sasa, mtu wa Nairobi akinunua gari husoma kwanza herufi za namba yake, kana kwamba gari lilizaliwa siku liliposajiliwa hapa, kisha anauliza lilikuwa la nani. Gatimu alilijua hilo kama kasisi anavyojua sala.

"Mzee, gari iko na bei tatu," alisema akirarua chapati. "Iko bei ya gari imegongwa. Iko bei ya gari imeguswa kidogo, ile unaambiwa boda boda iliikwaruza tu. Na iko bei ya gari ya mwanamke."

"Gari ya mwanamke ndiyo gani?" Fundi aliuliza.

"Ile inajua kazini na kanisani. Haijawahi enda Naivasha na walevi. Hiyo hata injini ikohoe, mtu anafunga macho analipa."

"Gari ya mbio? Mwanamke wa kanisa?"

"Alinunuliwa na bwana. Bwana akaenda ng'ambo. Si ni hadithi poa? Hata wewe umeanza kumhurumia."

Wote walicheka, na Fundi pia. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Lakini kazi yetu ni safi, Gatimu. Mwambie mteja ubavu umenyooshwa. Aweke mkono, ajionee. Hii gari iko sawa kuliko zile zimejaa barabarani."

"Kazi yako, Mzee, dhahabu yake ni ukiinyamazia. Ukiitaja inakuwa kilema. Wewe ukiuza ng'ombe utamwambia mtu huyu alivunjika mguu akapona? Atakulipa ng'ombe wa miguu mitatu."

Nimewaza maneno yale miaka mingi, na bado nayaona ni ya kipumbavu. Gari ambalo halijaguswa hujui litakatikia wapi. Lililotengenezwa na mtu aliyelijali, kila mahali pake dhaifu pamekwisha kuonekana, pamekwisha kushikwa na mkono. Kama kungekuwa na haki katika bei, lile gari lingeuzwa ghali zaidi kwa sababu yetu, si licha yetu. Lakini sikusema hayo. Nilikuwa natafuna. Na hapo Gatimu akageuka akanitazama kama anavyotazama gari.

"Na huyu? Ana sura ya kanisa kabisa. Tukimvika vizuri huyu ndiye mwenye gari."

Nilimtazama Fundi. Nilingoja aseme, huyo ndiye aliyelitengeneza. Maneno machache tu. Alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake cha chai.

"Mikono yake itamsaliti," alisema.

"Mikono tutapaka rangi," Gatimu akajibu.

Walinipeleka Kileleshwa, katika nyumba ya Wambui, binamu yake Gatimu aliyefanya kazi ya ofisi mjini na kupanga kwenye ghorofa lenye maegesho mazuri. Sebule yake ilikuwa na zulia ambalo niliogopa kulikanyaga, viti vyenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, na harufu ya maua ambayo ilitoka kwenye mkebe. Wambui hakuwa mtu mbaya. Alinipa chai na biskuti kwenye sahani, akaloweka mikono yangu katika maji ya moto yenye ndimu na chumvi, akasugua kucha kwa mswaki wa zamani. Nyekundu haikutoka. Ilikuwa imeingia chini ya kucha na ikakaa. Mwishowe akachukua chupa ya rangi ya kucha, akazipaka nyekundu zote kumi, akarudi nyuma kuangalia. "Angalau zinafanana na gari," alisema, na tukacheka wote wawili. Akanipa gauni lake na viatu vyake virefu vilivyonizidi. Gatimu akaingia kunipa maagizo. Jina langu Sharon. Bwana yuko ng'ambo. "Ukiulizwa kitu hujui, cheka," alisema. "Ukiulizwa kitu unajua, cheka zaidi."

Mnunuzi alikuja asubuhi ya Jumamosi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, na Gatimu alimwita Daktari. Aliandamana na fundi wake, mwanamume mwembamba mwenye sumaku aliyoifunga ndani ya kitambaa cha mkononi isikwaruze rangi. Sumaku hushika bati lakini haishiki pati nene. Gari lilikuwa limeegeshwa chini ya ghorofa, limeng'aa. Na karibu na bomba, akiwa amevaa ovaroli na buti za mpira, na ndoo miguuni, alisimama Fundi Kilonzo. Gatimu alikuwa amemleta kama mwosha magari wa pale, ili awe karibu gari likileta shida. Nilipomwona vile nilitaka kulia. Mtu ambaye mafundi wa Barabara ya Ngong nzima walimwamkia kwa heshima, ameshika kitambaa cha kufutia vioo, ili asijulikane kwamba yeye ndiye aliyelirudishia gari lile uhai.

Yule fundi mwembamba alilizunguka gari taratibu. Alipiga boneti kwa kifundo cha kidole akasikiliza. Alipitisha sumaku kwenye fenda, kwenye mlango, kisha kwenye ubavu wa nyuma, ubavu wangu, na kila mahali sumaku ilishika. Alifunga kitambaa chake akakitia mfukoni, akapitisha kiganja.

"Daktari, hii ni ya kiwandani," alisema. "Hapa hapajaguswa."

Hakuna mtu aliyewahi kuisifu kazi yangu vizuri kuliko hivyo mbele ya watu, na sifa yenyewe ilisema kwamba mimi sipo.

Daktari alinigeukia akitabasamu, kwa sauti ile ambayo watu hutumia kwa mtoto wa jirani. "Madam, najua haya si mambo yako. Lakini imewahi kugongwa?"

Gatimu alianza kucheka ili kunionyesha njia.

"Imegongwa," nilisema.

Sauti yangu ilinishtua mwenyewe. Nilivua viatu vya Wambui kwa sababu singeweza kutembea navyo, nikaenda kwenye gari bila viatu. Nikamwambia kwamba mlango huu ulikuwa mweupe, ulitoka kwenye gari lingine. Nikamwambia taa hii si ya kwanza, na fenda hii si ya kwanza, na kwamba chini tulipima kwa uzi na iko sawa, angeweza kulala chini ajionee. Niliweka kiganja juu ya ubavu wa nyuma. "Na hapa palikuwa pamekunjamana kama karatasi. Nimepanyoosha mimi. Hii rangi nimechanganya mimi na nikapiga mimi. Ni gari nzuri. Lakini usiseme haijaguswa."

Yule fundi mwembamba alifungua mlango tena, akainama akaangalia ndani ya bawaba, mahali ambapo bunduki ya rangi haifiki vizuri, na nadhani aliona weupe kidogo. Alinitazama. Kisha akamtazama Gatimu, ambaye alikuwa amemwahidi kitu kidogo gari likiuzwa, akaufunga mlango taratibu.

"Huyu Sharon na mizaha yake," Gatimu alisema. "Daktari, usimwone hivyo. Hataki gari iende, ndiyo maana. Juzi alimwambia mteja mwingine iko na majini."

Daktari aliangua kicheko, na niliona amefurahi, kwa sababu sasa alikuwa na jambo la kwenda kusimulia. "Kwa hiyo umenyoosha wewe. Na nyundo?"

"Na nyundo," nilisema, nikamnyooshea mikono yangu.

Aliushika mmoja, akaugeuza, akatazama kucha zile kumi nyekundu. "Na rangi ulipiga na hii?" alisema, na wote wakacheka, hata mlinzi wa lango ambaye alikuwa amesogea kusikiliza.

Sikuwa na mtu mwingine. Niligeuka nikamtazama mtu wa kwenye bomba. "Fundi," nilisema. "Mwambie."

Alikuwa anasuuza kitambaa. Alikikamua mpaka tone la mwisho, akakikunja, akakiweka juu ya ukingo wa ndoo. Hakuinua macho.

"Mimi nimekuja kuosha tu, madam," alisema.

Daktari alilipa bei ya gari ya mwanamke, yote. Alipoondoka alinipungia mkono kupitia dirishani.

Nimewasikia watu wakisema Kilonzo alikuwa na familia, karo, kodi ya ua, na kwamba angesema nini. Najua. Nilikula chakula cha ua ule, najua kilitoka wapi. Lakini Gatimu alinidanganya kama dalali, na Daktari alinicheka kama mgeni, na wale wawili niliwasamehe kabla mwaka haujaisha kwa sababu sikuwadai kitu. Yule aliyeufundisha mkono wangu ndiye aliyesimama pale akasema haujui. Hilo halipikwi likaiva hata kwa kuni za miaka ishirini.

Jumatatu niliporudi gereji habari ilikuwa imenitangulia. "Sasa Sharon." "Sharon, bwana amerudi kutoka ng'ambo?" "Sharon, usiguse hiyo, utaharibu kucha." Walikuwa wakitania tu, na mtu mwenye ulimi mwepesi angewajibu wakanyamaza. Mimi niliinamia msasa. Fundi alinunua bunduki ya rangi kama alivyoahidi, akaniletea ikiwa imefungwa kwa gazeti, akaiweka juu ya meza ya kontena na kutoka nje. Nilisubiri habari ya kibao. Wiki zilipita. Siku moja nilijikaza nikamwuliza, akasema tungoje kwanza, Gatimu alikuwa bado anasimulia ile hadithi kila mahali, na watu wakiona jina la mwanamke langoni wangejua ni yule. "Wacha ipoe," alisema. Nikangoja ipoe. Masika yakaja, ua likawa matope, magari yakaja na kwenda, na mimi ndiye niliyekuwa nikinyoosha mengi yao sasa, na wateja walipouliza nani amefanya kazi nzuri hivi, mkono wa Fundi ulionyesha kibao, na kibao kilisema Kilonzo.

Kisha asubuhi moja, nikiwa nimepiga magoti kando ya gari jeupe, nilisikia akiniita kutoka ndani ya kontena. Hakuwa anatania. Alikuwa na shughuli, kichwa chake kilikuwa kwingine, na jina lilitoka lenyewe mdomoni mwake kama jina la mtu yeyote. "Sharon, leta ile ndoo."

Nilimpelekea ndoo. Nikanawa mikono, nikachukua bunduki yangu, kwa sababu ilikuwa yangu, nikatoka langoni. Nilitembea kuelekea Kawangware nikiuliza kila gereji kama wanataka mtu. Katika ya kwanza walidhani nauza chai. Katika nyingine walicheka. Mwishowe nilifika kwenye gereji moja ndogo kando ya barabara, ambapo mzee mwenye kofia ya sufu alikuwa akihangaika na mlango uliobonyea. Alisikiliza hadi nikamaliza, jambo ambalo sikulizoea, akaangalia bunduki niliyoishika, akaona ni ya mtu wa kazi.

"Nani alikufundisha?" aliuliza.

Kwa jina lile moja angenifungulia ua lote. Barabara ile yote ilimjua Kilonzo.

"Hakuna," nilisema.

Na mtu akiniuliza leo, hata akiniuliza juu ya kaburi, jibu langu ni lilelile.